Kitabu cha Ndege ya Mafunzo

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja wakati wa vita, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi wa ndege jeshini kwetu Tanzania. Leo mimi ni mzee wa hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika huku China, nakunywa chai na kuwachosha wafanyabiashara kwa hadithi zangu. Nivumilie, hii si ndefu.

Tulikuwa na ndege ya mafunzo iliyotengenezwa huku huku China, yenye viti viwili. Tuliiita Bibi kwa sababu ya wingi wa marubani iliowalea. Yenyewe haikwenda vitani, lakini karibu kila rubani wetu aliyekwenda alianzia kwake. Na ilikuwa na kitabu chake. Kila saa iliyoruka, kila tairi lililobadilishwa, kila ukaguzi, vyote viliandikwa humo na fundi akaweka saini.

Zamani fundi akishasaini, alipanda kiti cha nyuma kwenye safari ya kwanza. Vita vilipopamba moto wanafunzi wakawa wengi, haraka ikazidi, desturi hiyo ikaachwa.

Siku hiyo nilitakiwa kufungua mkia nikague nyaya za usukani. Lakini kulikuwa na mechi, karakana dhidi ya jikoni, na bila kujisifu, winga wa karakana nilikuwa mimi. Nyaya zenyewe nilikuwa nimezikagua wiki moja kabla. Nikasaini bila kugusa hata skrubu moja, nikakimbilia uwanjani.

Sijagusa mpira mara mbili nikaitwa. Sajenti Masalu, mkuu wetu wa karakana, alikuwa amesimama kando ya Bibi, kitabu mkononi. Kwenye kiti cha mbele alikaa Hamisi, mwanafunzi aliyekuwa tayari kuruka peke yake.

"Panda nyuma," Sajenti akaniambia. "Leo tunarudisha desturi."

Nilishika ubavu wa Bibi, sikupanda. Ndege niliyoogopa kuipanda mimi, nilikuwa nimemwachia Hamisi, mtoto wa watu!

"Afande," nikasema, "sikufungua."

Hamisi akashushwa, tukafungua mkia. Nyaya zilikuwa nzima kabisa. Nikapumua, nikajifanya jasiri: "Afande, mbona hazina tatizo?"

"Ndege ni nzima," akasema. "Kibovu ni kitabu. Kitengeneze."

Akanipa kalamu. Mbele ya Hamisi nikaandika: *Nilisaini bila kukagua*, na jina langu chini. Masikio yaliwaka kwa aibu. Kitabu cha ndege hakichanwi ukurasa, kwa hiyo kila mwanafunzi angesoma mstari ule mpaka Bibi astaafu. Nilijua hakuna atakayeniamini tena.

Kesho yake nilikagua, nikasaini. Hamisi akaja, akafungua kitabu, akausoma tena ule mstari, akaniangalia.

"Leo umefungua?"

"Nimefungua."

Akafunga kitabu, akapanda. Nilisimama pale nikilia bila kujificha mpaka alipotua. Baada ya hapo wanafunzi walikuwa wakiuliza kwanza nani amekagua. Wakitajiwa jina langu, walipanda. Bibi alifanya kazi miaka mingine mingi, hakumwangusha hata mmoja wao, nami ninafurahia hilo hadi leo.

Sasa, mwanangu, wewe unatumwa kiwandani Xintang kukagua jinzi za mtu aliyeko Dar, asiyeweza kuziona. Laoban, yaani bosi wa kiwanda, atakuharakisha: mzigo wa juzi ulikuwa safi, weka saini twende tukale. Usisaini kitu ambacho macho yako hayakukiona, hata ukiwa na hakika ni kizima. Na ukikosea, andika kosa lako mwenyewe, kwa mkono wako. Mimi nilingoja mpaka nikaitwa, wewe usingoje. Utaona aibu, ndiyo, lakini aibu hiyo haiui, na watu watakuamini zaidi kuliko unavyodhani.

Mungu akulinde ugenini, akupe subira na riziki ya halali, na mtu akiliona jina lako kwenye karatasi, moyo wake utulie.