Jinsi baba alivyotuandaa, mimi na kaka yangu, kupanda Kilimanjaro tukitokea Tabora

Wakuu, habari za humu. Wanaotaka kunipa shikamoo, marahaba, nimeshaipokea. Mimi ni mzee wa Isevya, hapa Tabora, macho yamechoka, mjukuu ndiye anayebofya simu. Chumvi sitaongeza. Anayetaka sinema aende uzi mwingine.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, karibu na uhuru.

Mzungu mmoja mpima ardhi alitaka kupanda Kilimanjaro, akasema wapagazi wake lazima wawe Wanyamwezi. Alikuwa amesikia sifa zetu za misafara. Wachaga wanaoujua mlima wapo palepale chini yake, yeye anakuja kuchukua watu wa tambarare. Haya.

Kaka yangu Mihayo aliandikishwa wa kwanza. Alikuwa na mchumba Urambo, wangeoana baada ya mavuno. Mimi nilimfuata, maana kila alikokwenda nilikwenda.

Sasa baba. Ujanani alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na bega lake lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Aliposikia wanawe wamekuwa wapagazi alifurahi mno. Akasema maandalizi yote ni juu yake.

Kila alfajiri alitujazia mchanga kwenye magunia, tukashika njia ya zamani ya misafara, yeye nyuma na fimbo. Ukihema, anakuongezea mchanga. Mzee akitazama pembeni, Mihayo alimwigiza anavyotembea; akigeuka, anamkuta amenyooka kama askari. Tulicheka sana siku zile.

Sheria yake ilikuwa moja. "Mpagazi haumwi njiani. Ukiumwa, imba."

Alisema kwenye misafara aliyelalamika aliachwa porini. Kwa zama zao ilikuwa kweli, siwezi kumbishia.

Wakuu, kuhusu hewa ya juu, kwamba ni haba, hakuna aliyetuambia kitu. Tulijua baridi tu. Mama akakata mablanketi akatushonea makoti, akidhani hapo amemaliza.

Tukapanda treni mpaka Dodoma, kisha lori mpaka Moshi.

Kiongozi wetu wa mlimani, Mchaga mmoja mpole, alituonya kabla ya kuanza: kichwa kikiuma semeni mapema, dawa yake ni kushuka. Sisi wa Tabora tukatazamana, tukacheka chini chini.

Tulipofika juu kwenye mawe matupu, kichwa kilitaka kupasuka. Nikaimba. Mihayo alikuwa mbele yangu, naye akaimba. Nilidhani anaimba kwa raha.

Kisha nikatapika miguuni pa kiongozi. Hapo hakuna kuficha. Akaamuru nishushwe saa ileile, na Mihayo akaubeba mzigo wangu juu ya wake. Niliona aibu mpaka nikalia.

Yaliyofuata nilielezwa na wenzangu. Jioni Mihayo alianza kuyumba. Kiongozi akamuuliza, akajibu yeye mzima. Akamuuliza tena, akaimba. Asubuhi hakuamka.

Tulimzika Moshi, mbali na kila mtu aliyemjua.

Nilipofika nyumbani habari zilishatangulia, msiba umeshajaa watu. Baba aliniuliza swali moja tu, mbele ya wote. "Alilalamika?"

Nikasema hapana, hakulalamika.

Akatikisa kichwa taratibu kwa kukubali, akawageukia wageni, akawaambia mmesikia. Alijivuna, wakuu. Machozi yanamtoka na bado anajivuna. Nilimchukia siku ile, na nilimwonea huruma.

Kisha akaniuliza, "Na wewe?"

Nikasema mimi nilitapika, nikashushwa. Baba akatazama pembeni.

Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake. Akanyanyuka, akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Afadhali mmoja wangu alitapika."

Baba na mama waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na jina la Mihayo hawakulitaja tena wakiwa wawili.

Vijana mnaojiandaa kupanda mlima, fanyeni mazoezi, nunueni viatu. Lakini kabla ya yote zoeeni kusema "naumwa" mbele za watu. Nimezika wengi walioshindwa kusema neno hilo, na hata mlimani hawakufika.

Kama kwenu nako mlilelewa hivi, andikeni hapa chini. Mjukuu atanisomea.