Mguu wa Mwanamize Uliobaki Mbuchi

Mamba alimkamata Mwanamize mchana kweupe, kwenye gati dogo la miti ambako wanawake wa kijiji cha Mbuchi huoshea vyombo maji yanapojaa. Alikuwa ameutanguliza mguu mmoja majini ili asuuze sufuria, huku anacheka jambo aliloambiwa na wifi yake Maulida, dada wa marehemu mumewe. Hakuona kitu. Alihisi tu mguu wa kulia umeshikwa, kama vile aliyekuwa chini ya maji amechoka kumngoja.

Maulida alimdaka mkono, mkono wake mwingine akauzungusha kwenye nguzo ya gati, akavuta. Wakavutana hivyo, mamba huku na wifi huku, mpaka wanaume waliokuwa wakipakia kuni jirani wakafika na mapanga na makasia. Mwanamize alitolewa majini akiwa hai. Mguu, kuanzia chini ya goti, haukutoka.

Alipoachiwa hospitali, kaka yake Gharibu, auzaye vipuri vya baiskeli karibu na stendi ya Kibiti, alimchukua akakae kwake.

"Huku hakuna mto," alimwambia. "Utapumzika."

Kweli mto haukuwepo. Kulikuwa na mikorosho, vumbi, na malori yaendayo Lindi. Kidonda kilifunga vizuri kuliko walivyotarajia. Ndipo mguu ulipoanza kurudi.

Mara ya kwanza alikuwa uani anachambua mchele. Akahisi tope limeingia katikati ya vidole vya mguu wa kulia, tope lile la Mbuchi, laini na baridi. Akainama kujipangusa, mkono ukashika mkeka. Akageuka kuangalia kama kuna aliyemwona.

Alasiri nyingine yalikuja maji. Yalianzia kisiginoni, yakapanda polepole mpaka kwenye muundi, kisha vidole vikajikunja na kukaza, vimebanwa na kitu kisichotaka kuachia. Tangu utotoni Mwanamize aliyasoma maji ya bahari kwa kuutazama mwezi, kama wenzake wote wa delta. Akapiga hesabu. Maji yalipanda mguuni mwake saa zile zile yalipokuwa yakijaa Mbuchi. Kama hesabu ile ilikuwa ya kweli, au hofu ndiyo iliyoipanga, hakuna ajuaye. Yeye aliiamini. Aliamini kwamba mguu haukufa. Ulikuwa kule chini kwenye mizizi ya mikoko, haukuoshwa, haukuzikwa, haukuombewa dua, nao ulikuwa unamwita.

Hakumwambia mtu. Mtaa wa pili kulikuwa na mwanamke aliyewahi kufungwa kamba na ndugu zake kwa sababu ya kusema peke yake, na habari zake zilikuwa zikisimuliwa kila siku kwa kicheko. Kwa hiyo mguu uliposhikwa, Mwanamize aliuma pindo la khanga, akangoja. Watu wakaona jasho, wakaona macho yamekaza mahali pasipo na kitu. Wakasema shetani wa maji amemfuata.

Gharibu alimleta Mwalimu Twalha wa madrasa, naye akamwandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, akanywa. Akatulia kidogo, maana mwalimu alikuwa na sauti ya upole na hakumuuliza maswali mengi. Baada ya hapo maji yakapanda tena.

Kilichomtisha zaidi ni udhu. Kila alipofika kwenye miguu, mkono ulikwenda wenyewe kuosha mguu usiokuwepo, na mguu usiokuwepo ulihisi unaoshwa. Hakujua kama udhu wa namna ile unasihi, na aliona haya kuuliza. Akaanza kuchelewesha sala. Akaanza kuacha chakula. Mchana alikaa mlangoni akiyatazama malori kwa namna iliyomtia hofu mwenyewe, hata siku moja akamwomba mke wa kaka yake alifunge geti, bila kumweleza kwa nini.

Gharibu alipompeleka hospitali kupimwa mguu wa bandia, walikuta benchi limejaa. Aliyekaa karibu yao alikuwa mwanamume mnene aitwaye Ridhiwani, mpakiaji wa mbao kutoka Ikwiriri, aliyegongwa na gari akiwa kwenye bodaboda karibu na daraja la Ndundu. Suruali yake upande wa kushoto ilikunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa anakuna hewa mahali ambapo mguu ungekuwa.

"Samahani, dada," alisema alipoona anatazamwa. "Kiatu kinanibana."

"Kiatu gani, kaka?"

"Buti. Siku ya ajali nililifunga kamba kwa nguvu. Mguu wameukata, lakini buti sijalivua mpaka leo."

Alisema hivyo bila kuona haya, kama anayelalamikia jua. Mwanamize, huku anatazama sakafu, akasema: "Wangu umo majini."

"Baridi?"

"Baridi. Na kuna kitu hakijauachia."

Ridhiwani akatikisa kichwa taratibu. "Pole sana. Buti langu afadhali."

Mwanamize akaanza kulia, na katikati ya kulia akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu gatini. Gharibu aliyasikia yote. Alikuwa ameinama, anaifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

Ridhiwani akamweleza alichoambiwa Dar es Salaam, kwamba si wazimu. Kichwa kina desturi ya kuuongoza mguu, na hakijapata taarifa kwamba mguu umeondoka. Akamweleza pia habari ya kioo cha kukidanganya kichwa. Siku ile ile Gharibu akabandua kioo cha kabati lake.

Mwanamize alikaa mkekani. Kaka yake akakisimamisha kioo katikati ya miguu yake, kikaficha upande uliokatika na kuuonyesha ule mzima. Alipotazama, miguu ilikuwa miwili. Wa kulia ulikuwa umenyooka juu ya mkeka, mkavu, una vumbi la Kibiti.

"Unauona?" Gharibu aliuliza.

"Nauona. Usikitingishe."

Akavikunja vidole vya kushoto, akavikunjua. Ndani ya kioo vile vingine vikakunjuka. Akarudia mpaka akahisi, kule mbali, vidole vilivyobanwa vinalegea kimoja kimoja. Haukuwa mguu wake hasa. Ulikuwa na kovu la jembe, na kovu lile alilipata kwenye mguu wa kushoto. Hata hivyo hakutaka kioo kiondolewe, na Gharibu alikishika mpaka mikono ikafa ganzi.

Maumivu yakapungua. Mguu wenyewe haukuondoka, ila sasa alikuwa na mtu wa kumwambia kwamba umekuja. Akarudi kula, akamuuliza Mwalimu Twalha suala la udhu, akajibiwa kwamba asichonacho hadaiwi. Kilichobaki kikimsumbua ni Maulida, ambaye hakuwahi kuja kumtazama hata mara moja. Msimu wa kuvuna mpunga ulipofika, akamwomba Gharibu ampeleke Mbuchi.

Alimkuta wifi yake amekonda. Maulida alimpokea, akamtandikia mkeka, akampa maji, na muda wote ule hakumtazama chini ya kiuno.

"Wifi, mbona hukuja?"

"Ningekutazama kwa macho gani? Nilivuta, lakini sikuvuta vya kutosha."

"Mimi si huyu hapa?"

"Si wewe wote." Maulida aliunyoosha mkono wake wa kulia, ngumi imefungwa. "Huu haujakuachia. Nikilala unakuvuta. Nikiamka nakuta kucha zimenichoma kiganja. Gatini sijakanyaga tena. Watu wananiambia nishukuru, uko hai. Nashukuru. Kisha nalala, nakuvuta tena."

Mwanamize aliichukua ile ngumi akaikunjua kidole kimoja kimoja, kama alivyozoea kufanya mbele ya kioo. Kiganjani mlikuwa na alama mbichi. Akamsimulia habari za tope, na maji, na vidole vilivyobanwa. Maulida alisikiliza, na kwa mara ya kwanza akautazama mguu uliokatika. Akaweka mkono pale ulipoishia.

Alasiri wakaenda pamoja kuelekea majini, Mwanamize kwa magongo. Walipoliona gati, Maulida akasimama, akashindwa kuendelea. Mwanamize naye hakumlazimisha, maana maji yalikuwa yanajaa na yeye mwenyewe alianza kuyahisi. Wakakaa penye mchanga mkavu. Hawakujua kama inafaa kukisomea kiungo cha mtu aliye hai. Wakasoma Fatiha.

Mwanamize hakurudi kuishi Kibiti. Anakaa kwa Maulida. Mguu wa bandia alipewa, huuvaa Ijumaa na akialikwa harusini, maana unamchubua. Maulida sasa hulala, siku nyingine mpaka asubuhi, siku nyingine hapana. Majirani wakimuuliza Mwanamize kama amepona, huwajibu kwamba anaendelea.