Asubuhi Mto Uliponyamaza

Nikikumbuka asubuhi moja ya masika, wanangu, mwili unanisisimka mpaka leo. Kijiji chetu hiki cha Uluguru kimeegemea mlima, na chini kabisa bondeni ndiko mto unakopita. Unanguruma mchana na usiku, ndiyo maana watu wa huku tunaongea kwa sauti kubwa. Mjini Morogoro wanadhani tunagombana, acha wadhani.

Asubuhi ile mimi na dada yangu Felista tulishuka kuosha karoti za kupeleka gulioni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika chini tukajikuta tunapigiana kelele bure, maana mto ulikuwa kimya. Maji yaliishia kwenye vifundo vya miguu. Mawe tusiyowahi kuyaona yalikuwa nje, meusi, na kaa walikuwa wakiyapanda kuelekea nchi kavu. Hakuna ndege aliyelia. Felista alifurahi, akasema leo tutamaliza mapema. Mimi niliogopa, ila sikujua naogopa nini.

Mara tukamwona mjomba, kaka yake mama, anateremka mbio. Tukamwamkia shikamoo, hakuitikia. Hapo nikajua kuna jambo, kwa sababu mjomba yule hakuwahi kuiacha salamu ya mtoto.

"Acheni karoti, pandeni," alisema kwa sauti ya chini. "Mto haukauki masika. Mlima umeporomoka huko juu, umeuziba. Ukizibuka utatusomba."

Tukapanda. Tulipofika kwenye majani ya tembo, yale marefu ya kulishia ng'ombe, Felista akageuka, akarudi mtoni kufuata gunia lake. Karoti zile alizilima mwenyewe, zilimuuma. Mjomba alimwita kwa ukali, kisha akambembeleza. Ardhi ikaanza kutetemeka. Harufu ya udongo mbichi ilitangulia, halafu maji yakaja na miti mizimamizima. Dada yangu alikuwa ameinama, anafunga gunia. Hatukumpata tena.

Basi wanangu, mahali mlipopazoea pakibadilika ghafla, ondokeni kwanza. Sababu mtaiuliza mkishafika juu. Na mkubwa akiwaita kwa hofu, msirudie mzigo. Karoti zitalimwa nyingine.

Mungu awalinde mkipanda na mkishuka milima hii. Awajalie mkitoka wawili mrudi wawili, asiwepo mama wa kusimama mlangoni na kuuliza, kama mama yangu alivyoniuliza, "Mwenzio yuko wapi?"