Maji ya Sabili Jangwani

Kutoka Toronto hadi Lima nilipanda ndege mbili, kisha basi lililonishusha kwenye mji wa vumbi kusini mwa Peru, miguu imevimba kama maandazi. Nilikuwa nimeacha kazi ya bohari kule Rexdale, mtaa wa Toronto, na mke wangu alikuwa amesema waziwazi: "Na hii ya udereva ikikushinda, usinirudie na hadithi nyingine."

Mkuu wa Safari, mzee wa Tanga mwenye makazi yake North York, huko huko Toronto, alinirushia ufunguo wa kempa, yaani gari lenye vitanda, jiko na tangi la maji.

"Utaendesha hadi Chile. Ukinifikisha, gari ni lako uwatembeze wageni wangu. Ukinichosha, unarudi kupanga maboksi."

"Gereji iko wapi, Mkuu?"

"Gereji ni wewe."

Vijana mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, basi ilikuwa hivi. Ukikuta mchanga umefunika njia, unapunguza upepo wa tairi ili zitanuke zisizame. Ukirudi kwenye lami unazijaza kwa kompresa ndogo. Asubuhi ukungu wa bahari iliyo kando ya barabara unalowesha kioo, lakini mvua hakuna, na jani hulioni kutwa.

Siku ya pili rejeta, ile inayopoza injini, ilivuja. Ilipopoa nikaziba tundu kwa manjano ya Mkuu, aliyoibeba kwa ajili ya mchuzi, naye akiguna. Sasa yalihitajika maji, na yaliyobaki kwenye tangi yalikuwa ya chai tu. Kando ya barabara palikuwa na kijumba cha matofali, hakizidi kimo cha goti, kimezungukwa na chupa zilizojaa. Kwetu Mombasa maji yakiwekwa nje hivyo ni sabili, anywe mpita njia yeyote. Nikasema alhamdulillahi, nikamimina chupa tatu.

Lori likafunga breki. Dereva akashuka akifoka. Mkuu, aliyekijua Kihispania, akanigeukia.

"Umeinywesha injini maji ya marehemu! Kuna mtu alifia hapa, madereva wenzake humletea maji asipate kiu."

Nikayaona yale maboksi ya Rexdale.

"Mwambie kwetu maji ya njiani ni ya mwenye kiu. Nilidhani tumekaribishwa."

Mkuu akatafsiri. Yule bwana akainama kuitazama rejeta yenye manjano, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Anasema marehemu hana kinyongo, alikuwa fundi magari. Ila urudishe, na umpigie honi."

Nilijaza chupa zote tatu kutoka tangi letu la maji ya kunywa, nikapiga honi ndefu. Jioni hiyo hatukuwa na chai, na Mkuu bila chai hazungumziki. Mpakani ndipo nilipothubutu.

"Mkuu, narudi bohari?"

"Nilimuuliza yule wa lori. Akasema anayerudisha maji apewe gari. Mimi ni nani nimbishie? Lakini manjano utaninunulia."

Kila msimu wa baridi Toronto, nilikuwa kule nikiwapitisha wastaafu wa mtaa wa Don Mills jangwani, mpaka mgongo ulipokataa kuchimbua mchanga. Siku ya kuondoka kabisa nilimkabidhi ufunguo dereva mpya, binti wa huko huko Peru.

"Nichunge nini zaidi?" akauliza.

"Wageni. Wape chai kabla hawajaanza kugombana."

Akacheka, akanipeleka uwanja wa ndege. Nilikaa kiti cha abiria kwa mara ya kwanza, mikono haina kazi. Miaka yote macho yangu yalikuwa kwenye lami. Kumbe bahari ile ni ya kijani.