Nilivyowafundisha Wakwe Retrovirusi

Kwetu, kijana anayeenda kuposa haongei. Anakaa, anatabasamu, anakunywa uji, na maneno yote anasemewa na mzee aliyechaguliwa na jamaa zake. Mimi nililijua hilo vizuri sana, na bado nikaliharibu kabla uji haujapoa.

Tulikuwa tumetoka Ruiru kwenda Ngoliba kumwomba binti. Langoni tuliimba mpaka shangazi yangu akakauka sauti. Wanawake wa ndani walitujibu kwa nyimbo, wakatukatalia, wakatutania, kisha wakafungua. Baba ya binti, mkulima asiyecheka ovyo, akamuuliza msemaji wetu mimi hufanya kazi gani.

"Ni mwalimu wa bayolojia."

"Na jana alifundisha nini?"

Msemaji wetu, fundi bomba mstaafu, akanigeukia. Laiti ningesema mimea.

"Retrovirusi," nikasema, na hapo nikafunguka. Nikawaeleza kwamba virusi hivi huja na maagizo yao yameandikwa kwa RNA, ilhali seli huweka yake kwa DNA. Kwa hiyo vikishaingia hujinakili kwanza kwa maandishi ya mwenyeji. Kisha kimeng'enya chao hukata DNA ya mwenyeji na kupachika nakala hiyo katikati. Kuanzia hapo, seli ikigawanyika hunakili maagizo ya mgeni pamoja na yake, wala haioni tofauti.

"Na havitoki tena!" nikamaliza, mkono juu, nikidhani niko mbele ya ubao.

Shangazi mmoja wa upande wao akasogeza kikombe chake mbali na changu. Msemaji wetu akanikanyaga kidole.

"Yaani," baba ya binti akasema polepole, "mtu anaimba hapo kwa gate, tunamfungulia, anajiweka katikati ya boma, na hatoki?"

"Ndiyo, mzee. Hapana, mzee."

Nilimpenda binti yule kuliko nilivyowahi kupenda chochote, na nilikuwa nimejifananisha mimi, mchumba wake, na ugonjwa mbele ya baba yake. Niliogopa kiasi cha kutaka kulia.

Ndipo cucu, nyanya ya binti na mama yake huyo mzee, aliyekuwa mkunga miaka yote ya nguvu zake, akauliza kutoka kwenye kona, "Na huyo mgeni akiwa huko ndani, anafanya kazi gani? Ama ni kula tu?"

"Wengi ni hasara, cucu. Wengine wamelala tu. Lakini kuna mmoja aliingia kwa mbegu za uzazi za mababu zetu, kitambo sana, kabla hata hatujakuwa watu. Mpaka leo mwili unatumia maagizo yake kutengeneza kondo ya nyuma."

Cucu akaweka kikombe chini. Akatazama viganja vyake.

"Nimeshika hizo kondo nyingi sana," akasema. "Hakuna mtu aliwahi kuniambia mgeni alisaidia kuzitengeneza."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe umekula miezi tisa kwa mkono wa mgeni, ukanenepa hivyo. Huyu unamkatalia nini?"

Mzee alimaliza uji wake. Kisha akamwambia msemaji wetu aendelee, mradi tu mwalimu asiulizwe kitu kingine chochote.