Ua Lenye Majua Sita

Mwanangu, kabla hujaenda kuchora, keti hapa. Macho yangu yamechoka, lakini siku ile bado naiona vizuri. Nilikuwa msichana, tumerudi nyumbani kutoka Bujumbura juzijuzi tu, nikapata kazi mtaa wa Kimihurura kwa Mzee Anselmi, aliyekuwa akiandaa kitabu cha michoro ya mimea ya mabonde yetu. Picha zake nilidhani ni wepesi wa mkono tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi sikutaka kuuliza vimeundwaje.

Alinituma Ndera, kinamasini, nikachore ua moja jeupe la petali sita, linalofunuka asubuhi na jioni limekwisha. Nililichuma pamoja na majani yake, nikalitia kwenye kopo la maji dirishani. Hapo ndipo nilipokosea. Petali zilizoelekea chumbani zilikuwa kivulini, nikazionea huruma. Nikawa nachora moja, nazungusha kopo, nachora nyingine, ili kila moja ipate mwanga wake. Hata majani ya nyuma niliyatia kijivu chepesi, nikiogopa kuchafua karatasi nzuri.

Mzee aliitazama picha, kisha akaniuliza, "Mwana wangu, hii ua iko na jua ngapi?"

"Moja, mzee."

"Sasa mbona umeweka sita?"

Akanieleza taratibu. Chagua upande mmoja wa mwanga, kopo usiliguse tena. Petali iliyo karibu nawe iachie weupe wa karatasi, za mbali zififishe. Kooni mwa ua, na kwenye jani lililo nyuma ya petali, kandamiza penseli mpaka pawe peusi kweli, maana weupe wenyewe hauchorwi, hutokezwa na weusi ulio kando yake. Akanitaka nirudi Ndera kesho yake, nianze upya.

Nilivimba kichwa, mwanangu. Nikasema nitakwenda wiki ijayo, na wiki ikazaa wiki. Kitabu kikatoka bila ukurasa ule. Nilipokwenda, miaka ilikuwa imepita, pale pamejazwa udongo na kuna nyumba nzuri zenye mageti. Nimelitafuta ua lile katika mabonde mengine mpaka magoti yakakataa.

Ile picha ninayo hapa nyumbani Muhima. Watoto wakiiona huuliza kama ni nyota. Ni hiyo tu niliyobaki nayo, na ua lenyewe limelala bapa, halina mbele wala nyuma. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekaa nami muda mrefu.

Basi nisikilize. Usiogope weusi wa penseli, wala usilipe ua jua lisilo lake. Na mkubwa akikwambia rudia, rudia siku hiyohiyo, kwani ua halina habari na hasira zako. Mimi mkono unatetemeka, siwezi tena. Mungu akupe macho yenye subira, na mkono usioona haya kuanza upya. Haya, chukua penseli uende ukachore ua lako, kabla ya jua kupanda.