Matofali ya Nyumba ya Mzungu

Nilipokuwa na miaka tisa, kule Lalago, tulikatazwa kuokota hata kipande cha tofali kwenye nyumba ya Mzungu. Ilikuwa ghorofa ya matofali ya kuchoma, ya mtindo wa zamani wa Uingereza, yenye dohani mbili na vioo vya rangi madirishani. Mama yake bibi aliwahi kuwafulia nguo wenye nyumba. Walikuja kulima pamba, mtoto wao wa pekee akafa kwa homa, wakamzika nyuma ya nyumba na kuondoka. Bibi alituambia kwamba mtoto yule hana ndugu wa kumkumbuka, hivyo atakayebeba matofali ya kwao, mwanawe atachukuliwa awe mwenzake.

Baba alicheka. Alikuwa mtu wa kanisani, tena mbishi. Ukuta mmoja ulipoanguka, alisomba matofali kwa mkokoteni wa ng'ombe akajenga jiko. Jiko zuri kweli, sikatai.

Mvua zilipoanza, mdogo wangu Kabula akashikwa na homa. Asubuhi ya pili alikuwa haitiki akiitwa. Bibi akambeba mgongoni, akakaza kanga.

"Funga ng'ombe twende zahanati," alimwambia baba.

"Subiri, mayu," baba akamwambia mama yake. "Nirudishe matofali kwanza."

"Mtoto kwanza!"

Baba hakusikia la mtu. Alibomoa jiko kwa sururu, mama akapakia, mimi nikapanga mkokotenini. Nilifanya kwa bidii, kwani niliamini kila tofali linampunguzia Kabula homa. Bibi alichoka kutusubiri, akaondoka kwa miguu.

Tulikuwa tunapeleka shehena ya tatu alipotukuta njiani akirudi, Kabula bado mgongoni. Kanga ilikuwa imemfunika mtoto mpaka kichwani.

"Mayu, ulisema kweli," baba alisema.

"Nilisema msichukue," bibi akajibu. "Sikusema mrudishe."

Sikulia siku ile, na mpaka leo sijalia. Nikimkumbuka Kabula nahisi ganzi tu, basi. Sasa naishi Bariadi, na baba, mzee kabisa, nakaa naye. Yeye huwasimulia wanangu habari za ile nyumba, na kila mara humalizia kwamba kosa lake lilikuwa kuchelewa kuyarudisha. Wanangu hunitazama waone kama ni kweli. Huwa naendelea na kazi zangu.

Siku ile, kwa mkokoteni, tungefika zahanati saa nne asubuhi, Kabula angali hai.